Mama ana saratani ya damu na ukoo unataka kumpeleka India: tuzielewe vipi tiba mpya?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52 na ni mama lishe hapa Morogoro. Miezi minane iliyopita alipimwa akaambiwa ana saratani ya damu. Kwenye kadi yake wameandika CML. Anameza kidonge kimoja cha imatinibu kila siku na kila mwezi anakwenda kliniki Dar es Salaam. Anaendelea vizuri, ila asubuhi macho humvimba. Mwezi uliopita mjomba alituma kwenye kundi la familia video ya msichana aliyeponywa saratani ya damu kwa kurudishiwa seli zake mwenyewe baada ya kubadilishwa maabara. Sasa ukoo unachangishana, na wengine wanasema tuuze shamba ili mama apelekwe India. Wakati huohuo kliniki wamemwomba ashiriki utafiti, naye anaogopa kufanywa mtu wa majaribio. Tuzielewe vipi hizi tiba mpya na huu utafiti? Na je, tuuze shamba?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama pole zangu, na wewe pia pole, maana mmoja akiugua ugonjwa wa namna hii nyumba nzima hukosa usingizi. Naanza na shamba, kwa kuwa ndilo linaloweza kuondoka kabla hujamaliza kunisoma: msiliuze. Kwa maelezo uliyonipa, tiba iliyo kwenye video ile siyo ya ugonjwa wa mama, hata kama mngekuwa na mashamba kumi. Tiba ya ugonjwa wake anayo tayari mkononi, nayo ni miongoni mwa dawa zilizoleta mageuzi makubwa kabisa katika historia ya saratani. Kinachohitaji fedha zenu na macho yenu ni mambo mawili ambayo barua yako imeyagusa kwa mbali tu au haikuyataja: jinsi anavyovimeza vidonge hivyo, na kipimo kinachoonyesha kama vinafanya kazi.

Kwanza jina. Saratani ya damu ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo wamo watu wengi wasiofanana tabia. Kuna limfoma zinazovimbisha tezi, kuna mailoma inayotoboa mifupa ya watu wazima na kuharibu figo, na kuna lukemia za aina kadhaa. Lukemia kali ya limfu huwapata zaidi watoto na inaweza kumwangusha mtoto ndani ya wiki chache. CML, yaani lukemia sugu ya mailoidi, yenyewe hutambaa taratibu kwa miezi na miaka, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitali akilalamikia uchovu, kukonda, jasho la usiku, au uzito tumboni upande wa kushoto ambako bandama imevimba. Dawa inayomwokoa mgonjwa wa aina moja inaweza isimsaidie chochote mgonjwa wa aina nyingine aliyelala kitanda cha jirani. Kwa hiyo kila habari ya tiba mpya inapoingia kwenye simu zenu, kabla ya kuuliza bei wala nchi, ulizeni: ni ya saratani ipi ya damu?

Tuitazame hiyo video kwa jicho hilo. Kwa maelezo yako ni tiba inayoitwa CAR-T. Mgonjwa hutolewa damu, seli zake za kinga aina ya T huchujwa na kupelekwa maabara, huko hupachikwa jeni inayoziwezesha kutambua alama fulani juu ya seli za saratani, kisha hurudishwa mwilini kama askari waliopewa picha ya mhalifu. Kwa tiba hizi za lukemia, alama inayotafutwa zaidi huitwa CD19, nayo hukaa juu ya chembe nyeupe za aina ya limfosaiti B. Mwaka 2012 msichana wa miaka sita mwenye lukemia kali ya limfu, ambaye dawa zote zilikuwa zimeshindwa, alitibiwa hivyo mjini Philadelphia, Marekani, akapona. Agosti 2017 mamlaka za Marekani zikaiidhinisha tiba hiyo kwa watoto na vijana. Oktoba 2023 India nayo ikaidhinisha ya kwake, NexCAR19, iliyotokana na kazi ya chuo cha IIT Bombay pamoja na hospitali ya Tata Memorial, kwa bei iliyo ndogo mno ukilinganisha na ile ya Marekani.

Mjomba basi hakutuma uongo. Ila seli za ugonjwa wa mama, katika hatua ya awali ambayo kidonge kimoja kwa siku kinanifanya niamini kwamba ndiyo aliyomo, ni za ukoo wa mailoidi, yaani ukoo mwingine wa chembe za damu usio wa limfosaiti, na hazibebi alama hiyo ya CD19. Askari wale wangeingia mwilini, wakapishana na seli za ugonjwa bila kuzigusa, na wakawaua limfosaiti B wasio na hatia. Na njiani wangeweza kumletea homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu hadi alazwe chumba cha wagonjwa mahututi. Mwambie mjomba haya kwa heshima, kwa sababu alichotaka ni dada yake apone.

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Ukichukua damu ya mtu mwenye afya ndani ya kichupa cha maabara na kukisimamisha kwa saa kadhaa, chembe nyekundu huzama, maji ya manjano hubaki juu, na katikati yake hukaa utando mweupe mwembamba ambao usipoangalia vizuri huuoni. Utando huo ndio chembe nyeupe. Kwa mgonjwa wa CML ambaye hajaanza dawa nimeuona utando huo ukiwa mnene kama mtindi ulioganda. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipoieleza damu ya namna hiyo mwaka 1845 aliiita damu nyeupe, na neno lukemia lina maana hiyohiyo kwa Kigiriki. Mtu mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila maikrolita ya damu. Mgonjwa wa CML anaweza kufika kliniki akiwa na zaidi ya 100,000. Tafuteni karatasi ya kwanza kabisa ya vipimo vya mama, linganisheni namba hiyo na ya mwezi huu, nanyi mtaona kwa macho yenu kazi ambayo vidonge vimekwisha kuifanya.

Chanzo chake kilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa katika mji uleule wa Philadelphia, waliona kromosomu (uzi wa ndani ya seli unaobeba jeni) moja ndogo isiyo ya kawaida ndani ya seli za wagonjwa hawa, na hadi leo inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ilivyotokea: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vilikuwa vimebadilishana mahali. Katika kubadilishana huko jeni mbili zisizojuana, BCR na ABL, zikajikuta zimeungana, na jeni hiyo ya muungano hutengeneza protini inayoiamuru seli izaliane mchana na usiku, kama bomba la maji lililokatika koki. Kosa hili hutokea ndani ya seli moja ya uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wakati mtu amekwisha kuwa hai duniani. Mama hakulirithi, hatakurithisheni, hawezi kumwambukiza mtu kwa chakula anachopika, na hakuna jirani aliyemtupia. Nasema hili waziwazi kwa sababu nimeona wagonjwa wakipoteza miezi, na wakati mwingine maisha, wakimtafuta mchawi wa ugonjwa ambao koki yake tunaijua kwa jina.

Imatinibu hufanya jambo moja tu, nalo hulifanya vizuri: huingia katika tundu la protini ile ambamo protini huchotea nguvu, ikaliziba. Daktari Brian Druker wa Oregon na mwanasayansi Nicholas Lydon ndio walioisukuma mbele, na mgonjwa wa kwanza aliimeza Juni 1998. Katika jaribio hilo la awali, wagonjwa 53 kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku walirudi kwenye hesabu ya kawaida ya damu. Mei 2001 Marekani ikaiidhinisha. Jaribio kubwa lililofuata, lililoitwa IRIS, lilikuwa na wagonjwa 1,106, nusu wakipewa imatinibu na nusu tiba ya zamani ya sindano. Baada ya takriban miaka kumi, kadiri ya asilimia 83 ya walioanza na imatinibu walikuwa hai. Kabla ya hapo, ugonjwa huu uliwaondoa wengi ndani ya miaka michache.

Ilitufikiaje sisi? Dawa hiyo ilipotoka, bei yake kwa mwaka ilikuwa fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Afrika Mashariki asingeweza hata kuikopa. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis, iliyokuwa ikiiuza kwa jina la Glivec, na shirika la The Max Foundation la Marekani, lenye jina la kijana aliyefariki kwa CML akiwa na miaka 17, walianzisha mpango wa kuwapa dawa bure wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Kwa Tanzania mpango huo ulipitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ndiyo sababu kwa miaka mingi mgonjwa wa CML kutoka Kigoma, Songea au Bukoba alikuwa akipanda basi kwenda pale ufukweni Dar es Salaam kufuata kopo lake. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ikaikatalia kampuni hiyo hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinibu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo India imekwisha kumsaidia mgonjwa wetu wa CML bila yeye kupanda ndege.

Naomba sasa unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu haya ndiyo yanayoamua.

Hesabu ya kawaida ya damu ikiwa nzuri haitoshi kusema kwamba ugonjwa umedhibitiwa. Chembe nyeupe zinaweza kurudi 6,000 huku ndani ya uboho seli zenye BCR-ABL zikiwa bado nyingi, zimenyamaza tu. Kipimo kinachoziona ni kile cha kuhesabu jeni ya BCR-ABL kwenye damu, kinachoitwa PCR, na jibu lake hutolewa kwa asilimia kwa mujibu wa kipimio cha kimataifa. Mgonjwa anayekwenda vizuri hutarajiwa awe ameshuka hadi asilimia 10 au chini yake miezi mitatu baada ya kuanza dawa, asilimia 1 au chini yake akifika miezi sita, na asilimia 0.1 au chini yake akitimiza mwaka. Akiwa bado juu ya asilimia 10 miezi sita ikiwa imepita, daktari hapaswi kuendelea na dawa ileile kana kwamba hakuna kitu. Namba zilizo katikati huashiria tahadhari: kipimo kirudiwe, na mgonjwa aulizwe anamezaje vidonge.

Mama ana miezi minane. Ilibidi awe na majibu mawili ya kipimo hiki sasa hivi, na barua yako, ingawa imeandikwa kwa uangalifu mkubwa, haikutaja hata moja. Huenda yapo kwenye faili. Huenda hayapo, kwa sababu kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Lakini mfahamu kwamba mashine ya GeneXpert, ileile inayotumika kupima kifua kikuu kwenye hospitali zetu nyingi, inaweza kupima BCR-ABL ikiwekewa katriji yake maalumu, na majibu hutoka ndani ya saa chache. Muulizeni daktari moja kwa moja: BCR-ABL ya mama ni asilimia ngapi, na ilipimwa lini? Iandikeni kwenye daftari la nyumbani pamoja na tarehe. Mchango wa ukoo ukilipia kipimo hiki kila baada ya miezi mitatu, na nauli ya mama na ya mtu wa kumsindikiza, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko tiketi ya ndege.

Jambo la pili ni umezaji wenyewe. Utafiti uliofanyika London, katika hospitali ya Hammersmith, uliwapa wagonjwa wa imatinibu makopo yenye kifaa kinachorekodi kila mara kopo linapofunguliwa. Waliomeza asilimia 90 au pungufu ya vidonge walivyopaswa kumeza walikuwa nyuma sana kufikia kile kiwango cha asilimia 0.1 wakilinganishwa na wenzao. Asilimia 90 ukiipigia hesabu ni kukosa vidonge vitatu kwa mwezi. Vitatu tu! Mgonjwa anayevikosa hajioni mzembe: siku moja alikuwa msibani, siku nyingine kopo lilibaki nyumbani, siku ya tatu tumbo lilimsumbua.

Kliniki huwa naomba kopo limiminwe juu ya meza tuhesabu pamoja, na simwambii mgonjwa mapema kwamba nitafanya hivyo. Nakumbuka baba mmoja, mvuvi wa kusini, namba zake zilikuwa zimegoma kushuka. Tulipomimina, vilitoka vidonge kumi na viwili vya ziada, na kati yake viwili vilikuwa nusu, vimekatwa kwa kisu, ubao wa meza ukabaki na unga wa njano. Alinieleza kwa utaratibu kabisa kwamba mwezi mmoja uliopita dawa zilichelewa kufika, akaona aanze kubana matumizi zisije zikamwishia tena. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya vile ambavyo mtu mwenye busara hufanya na unga wa ugali. Lakini imatinibu haibaniwi. Nusu dozi huacha seli zile zikiwa hai na kuzipa nafasi ya kujibadilisha hadi dawa isizipate tena. Dawa zikichelewa, piga simu kliniki siku hiyohiyo, usikate kidonge.

Amezeshwe akiwa ameshiba, kwa glasi kubwa iliyojaa maji, saa ileile kila siku. Kwa mama lishe nashauri baada ya mlo wa mchana, shughuli za wateja zikishapungua, kwa sababu asubuhi anaamka na giza kuwasha moto na tumbo ni tupu, na imatinibu kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu. Mwezi wa Ramadhani, ikiwa anafunga na daktari ameridhia, ahamishie kwenye futari. Kuvimba macho asubuhi ni jambo tunalolitarajia, sawa na misuli kukaza usiku; apunguze chumvi, alale kichwa kikiwa juu kidogo, na amwambie daktari. Ila uzito ukiongezeka ghafla, miguu ikivimba au akihema kwa shida, asisubiri tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo akipata homa, akitokwa na damu bila sababu au ngozi na macho vikiwa vya manjano. Na wasomaji wengine wa kike ambao bado wanaweza kushika mimba, zungumzeni na daktari kabla, kwa kuwa dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Zipo dawa zinazogombana na imatinibu, nayo hii ni habari ambayo hospitali ya wilaya inaweza isiikumbuke. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huifanya ini kuiondoa imatinibu upesi mno, ikawa kama mgonjwa hamezi. Baadhi ya dawa za VVU huipunguza na nyingine huizidisha. Tunda la balungi huizidisha. Mitishamba siwezi kuihukumu kwa jumla, lakini mtu anayemletea mama chupa isiyo na jina hawezi kukuambia inafanya nini kwenye ini lake. Popote atakapotibiwa, hata akienda kung'olewa jino, aseme: natumia imatinibu.

Na ikishindwa? Hutokea, na hapo ndipo tiba mpya za CML zenyewe zinapoingia. Zikapatikana dasatinibu mwaka 2006, nilotinibu mwaka 2007, kisha bosutinibu na ponatinibu mwaka 2012. Kila moja ina tabia yake: dasatinibu inaweza kujaza maji kwenye utando wa mapafu, nilotinibu humezwa tumbo likiwa tupu, kinyume kabisa na imatinibu, na inaweza kupandisha sukari, ponatinibu inazo nguvu hata dhidi ya badiliko la jeni liitwalo T315I ambalo huzishinda nyingi, lakini inaweza kuziba mishipa ya damu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha asiminibu, ambayo haishindanii tundu lile la kawaida. Huishika protini mahali pengine kabisa na kuikunja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 kwa wagonjwa wapya 405 yalionyesha kuwa asilimia 67.7 ya waliopewa asiminibu walifikia kile kiwango cha 0.1 katika wiki ya 48, dhidi ya asilimia 49 ya waliopewa dawa za awali. Ni hatua kubwa. Haimaanishi, hata hivyo, kwamba mgonjwa ambaye imatinibu inamshusha vizuri anapaswa kuiacha na kuifukuzia mpya. Mtu ambaye namba yake inashuka hana shida ambayo dawa mpya imekuja kuitatua.

Kupandikizwa uboho nako ndugu watakutajia. Zamani ndiyo ilikuwa njia ya kuponya CML, na hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imekwisha kuifanya kwa watoto wenye selimundu. Kwa CML leo tunaihifadhi kwa mgonjwa ambaye dawa kadhaa zimemshinda au ambaye ugonjwa umegeuka mkali, kwa sababu ina hatari ya kifo ambayo kidonge hakina.

Watu pia huniuliza kama vidonge ni vya maisha. Majaribio ya Ulaya, hasa lile liitwalo EURO-SKI lenye wagonjwa zaidi ya 700, yalionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa waliokaa miaka mingi na namba ya chini sana waliweza kuacha dawa na kubaki salama kwa miaka miwili. Waliacha wakiwa wanapimwa PCR mara kwa mara, kwa kuwa nusu nyingine ugonjwa uliwarudia, mara nyingi ndani ya miezi sita, wakaanzishiwa tena dawa mapema. Mgonjwa wa miezi minane asiguse habari hii hata kwa mzaha.

Nabaki na hofu ya mama juu ya utafiti, ambayo naiheshimu. Neno majaribio lina uchungu kwetu, na si bila sababu. Lakini tuweke na upande wa pili wa historia hii, ambao umeandikwa na watu wetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza saratani ya limfu inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na daktari Mmarekani John Ziegler akaanza kuwatibu watoto hao kwa mchanganyiko wa dawa. Vurugu za utawala wa Idi Amin zilipowaondoa wageni, Mganda Charles Olweny aliishika kazi. Watoto wa Uganda na wazazi waliokubali ndio walioisaidia dunia kuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa za kuchanganya. Kidonge anachomeza mama nacho kimepita kwa wale 1,106 wa IRIS waliosema ndiyo.

Kinachotakiwa ni kujua mnaombwa nini hasa. Utafiti mwingi unaofanyika kliniki huomba kujibu maswali, kusomwa kwa faili, au kutoa kijiko kimoja cha damu ya ziada siku ambayo mkono umeshatobolewa. Humo mama habadilishiwi dawa. Jaribio la dawa ni jambo jingine. Awamu ya kwanza hutafuta dozi salama kwa watu wachache, ya pili hutazama kama dawa inafanya kazi, ya tatu huilinganisha na tiba bora iliyopo. Tanzania, utafiti wa tiba hupitiwa na kamati za maadili, ikiwamo ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jaribio la dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kabla ya kuweka saini au dole gumba, asomewe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, taratibu, na apewe nakala. Aulize imatinibu yake itaendelea au itasimama, nani atalipia nauli na vipimo, akidhurika atatibiwa na nani, utafiti ukiisha dawa ataipata wapi, na damu yake itakwenda wapi. Anaweza kukataa leo, au kukubali leo na kujitoa kesho, na huduma yake ya kawaida haipaswi kubadilika kwa sababu hiyo. Mtu anayemharakisha asaini, au anayemwomba alipie ili aingizwe kwenye jaribio, asimwamini.

Siku ya kliniki ijayo nenda naye mwenyewe. Beba kopo na vidonge vyote vilivyobaki, karatasi ya kwanza ya vipimo, ile fomu ya utafiti, na daftari lenye swali moja ukurasa wa kwanza: BCR-ABL ni asilimia ngapi? Jibu mtakalopewa niandikie.